Mabawa na nyaya za mtambo mdogo wa upepo: jinsi ya kuvijaribu kwa pamoja

Mtu anayetaka kuunda mtambo wa upepo kwa mikono yake huanza karibu kila mara na mabawa, kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Huyachonga kwa wiki mbili, akayapiga msasa na kuyapaka rangi, kisha akaenda kwa wauza vyuma chakavu kutafuta jenereta yoyote itakayopatikana, akaunganisha nyaya kwenye betri na kungoja upepo. Mara mabawa huzunguka vizuri lakini betri haipati kitu. Mara betri hupata umeme kidogo, lakini mabawa huzunguka kwa uzito hata upepo unapovuma kwa nguvu. Nimeyaona yote mawili kwangu Nakuru na kwa jamaa zangu wa Kisumu, na chanzo kilikuwa kimoja: mabawa yalijaribiwa peke yake, na nyaya zikajaribiwa peke yake. Maelezo yanayofuata ni ya mtambo wenye kipenyo cha mita 1.2 unaochaji betri ya volti 12, ukubwa ambao mtu mmoja anaweza kuumudu katika karakana ya kawaida, na nia yake ni kuonyesha jinsi ya kujaribu vitu hivyo viwili kama kitu kimoja.

Kwanza fahamu upepo wako

Nguvu iliyomo katika upepo ni nusu ya uzito wa hewa katika mita moja ya ujazo, mara eneo linalofagiwa na mabawa, mara kasi ya upepo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Mabawa yenye kipenyo cha mita 1.2 hufagia eneo la mita mraba 1.13. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, karibu kilo 1 kwa mita ya ujazo. Kisumu, iliyo karibu mita 1,130, ina hewa nzito kidogo, kama kilo 1.04. Kwa hiyo upepo wa mita 5 kwa sekunde unaopita katika mabawa hayo Nakuru unabeba wati 70 hivi. Mwaka 1919 Albert Betz wa Ujerumani alionyesha kwamba hakuna mtambo unaoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo, na mtambo wa kujitengenezea, ukijumlisha hasara za mabawa, koili (waya uliosukwa kwa kuzungushwa mara nyingi), daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) na waya, ukifikisha moja ya tano umefanya kazi nzuri. Hizo ni wati 14. Upepo ukishuka hadi mita 3 kwa sekunde unabaki na wati 3 tu. Ukipanda hadi mita 8 unapata karibu wati 58.

Ninazitaja hesabu hizi mapema ili asiwepo anayejenga mtambo huu akitarajia kuendesha pasi au friji. Utachaji simu, utawasha taa za LED na redio, na hayo si machache. Kwa mvuvi wa omena anayeingia ziwani usiku na taa za betri, upepo una faida ya pekee: Kisumu na fukwe zake hupata upepo wa ziwani mchana na alasiri, nchi kavu inapopata joto kuliko maji, kwa hiyo betri hupata chaji saa chache tu kabla ya kuhitajika.

Usipokuwa na kipima upepo, tumia macho. Majani na vitawi vikitikisika bila kupumzika, upepo uko kati ya mita 3.4 na 5.4 kwa sekunde. Vumbi na karatasi zikiinuka, umefika kati ya 5.5 na 7.9. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba yote, umepita 8. Andika unayoyaona asubuhi, saa tisa alasiri na jioni kwa mwezi mmoja kabla ya kununua hata bolti moja.

Mabawa

Kipimo kinachounganisha bawa na jenereta ni uwiano kati ya kasi ya ncha ya bawa na kasi ya upepo. Mabawa matatu membamba hufanya kazi vizuri ncha ikienda mara 5 hadi 7 ya upepo, tuchukue 6. Upepo ukiwa mita 5 kwa sekunde, ncha inakwenda mita 30 kwa sekunde, na kwa kuwa mzingo wa duara letu ni mita 3.77, mhimili unazunguka karibu mara 480 kwa dakika. Upepo wa mita 3 unatoa mizunguko 286. Ziandike namba hizi mbili ukutani mwa karakana, kwa sababu nyaya zote zitapangwa kuzifuata. Mabawa mengi mapana, kama yale ya pampu za maji za zamani, huwa na nguvu ya kuanza kuzunguka lakini huenda polepole mno kwa jenereta isiyo na gia. Ndiyo sababu sishauri kuongeza bawa la nne na la tano kwa matumaini ya kuongeza umeme.

Kwa majaribio ya kwanza, bomba la PVC la milimita 110 linatosha. Chagua lile nene la maji taka, si lile jepesi linalobonyea mkononi. Kata kipande cha sentimita 60, kigawe kwa urefu katika robo nne, na kila robo itakuwa na upana wa karibu milimita 86. Acha upana huo kamili kwenye sentimita kumi za shina, kisha chora mstari ulionyooka kutoka hapo hadi kwenye ncha, ambapo utabakiza milimita 40, na ukate. Mstari huo unaokatiza mviringo wa bomba kwa mshazari ndio unaolipa bawa msokoto wake bila kuchonga. Ukingo unaotangulia katika mzunguko uviringishe kwa tupa na msasa. Ukingo wa nyuma ufanye mwembamba. Robo ya nne iweke akiba.

Bawa la PVC lina kasoro moja ambayo sitaki mtu aipuuze. Jua huikausha plastiki na kuifanya iwe rahisi kuvunjika. Mwaka wa pili wa mtambo wangu wa kwanza, bawa moja lilikatika kwenye tundu la bolti, likaruka juu ya ua na kuangukia shamba la mahindi la jirani. Hakukuwa na mtu, nami ninashukuru mpaka leo. Fikiria hesabu yake: upepo wa mita 10 kwa sekunde ukizungusha mhimili mara 955 kwa dakika, ncha inakwenda kilomita 216 kwa saa, na bawa lenye uzito wa gramu 300 linavuta bolti zake kwa nguvu inayolingana na kuning'iniza mzigo wa kilo 76. Tangu siku hiyo ninatumia PVC kutafuta umbo tu, na mtambo wa kudumu ninauwekea mabawa ya mbao.

Mbao ya saiprasi ya inchi mbili kwa nne, iliyokauka vizuri, nyepesi, yenye nyuzi zilizonyooka na isiyo na fundo, inafaa na haipatikani kwa shida. Mkaratusi ni mzito na hujipinda unapokauka. Kwenye robo ya kwanza ya urefu, bawa liwe na upana wa milimita 90 na pembe ya nyuzi 18. Katikati, milimita 70 na nyuzi 8. Kwenye ncha, milimita 40 na nyuzi 3. Huhitaji kipima pembe. Ukilaza mbao mezani, pembe hizo ni sawa na kushusha ukingo mmoja kwa milimita 29, 10 na 2 kwa mfuatano huo, nawe unaweza kuziweka alama kwa penseli pembeni na kuchonga uso wa mbele kwa randa hadi uzifikie. Uso unaoelekea upepo uwe bapa, na wa nyuma uwe na tumbo, sehemu nene zaidi ikiwa karibu theluthi ya upana kutoka ukingo unaotangulia. Katikati ya bawa unene wa milimita 8 unatosha. Paka mafuta ya kitani au vanishi mara tatu, hasa kwenye ncha, ambako mvua na vumbi hula mbao kwanza.

Mabawa matatu yapimwe kwa mizani ya jikoni hadi yatofautiane kwa gramu tano au chini ya hapo, na uzito uondolewe au uongezwe ili kila moja lisimame sawasawa kwenye nukta ile ile kutoka shinani. Ukishayafunga kwenye kitovu, kila bawa kwa bolti zisizopungua mbili zenye nati za kujifunga, pima umbali kutoka ncha hadi ncha: pande zote tatu ziwe mita 1.04, zikitofautiana kwa milimita chache tu. Kisha uning'inize mkusanyiko wote juu ya ncha ya msumari katikati na uone unalalia upande gani. Kazi hii huchosha, lakini mtambo usio na mizani huzilegeza bolti zote za nguzo katika wiki moja.

Jenereta na nyaya

Alternata ya gari huwavutia wengi kwa kuwa ipo kila gereji. Mimi siipendekezi: inahitaji zaidi ya mizunguko elfu moja kwa dakika ili ianze kuchaji, na hula umeme wa betri ili kuipa koili yake usumaku. Dainamo ya baiskeli, ambayo kwa kawaida ni ya volti 6 na wati 3, inafaa kwa kujifunzia. Kijana William Kamkwamba wa Malawi aliitumia katika mtambo wake wa kwanza na akawasha taa za nyumbani kwao. Kwa kipimo chetu, jenereta bora ni ile ya kusuka mwenyewe, yenye sahani mbili za chuma zilizobandikwa sumaku 12 kila moja na koili 9 katikati yake zilizomwagiwa gundi ya resini, mpangilio ambao Hugh Piggott wa Scoraig, Scotland, ameusambaza kwa mafundi wa nchi nyingi. Sumaku za neodimiamu hubana vidole hadi mfupa. Zishushe sahani kwa bolti ndefu, polepole, usizishike kwa mikono.

Koili 9 hufanya awamu tatu, yaani makundi matatu ambayo umeme wake hupanda na kushuka kwa zamu. Ukizipa namba kwa kuzunguka duara, koili ya 1, ya 4 na ya 7 hupitiwa na sumaku kwa wakati mmoja, kwa hiyo huunganishwa kwa mfululizo, mwisho wa moja kwenye mwanzo wa nyingine. Vivyo hivyo 2, 5 na 8, na 3, 6 na 9. Utabaki na ncha sita za waya. Usizifunge bado. Ziache ndefu, ziandike A, B na C, mwanzo na mwisho, kwa sababu majaribio yote ya maana yanafanyika hapo.

Kuna njia mbili za kuzifunga. Katika nyota, mianzo mitatu hufungwa pamoja, na miisho mitatu ndiyo inayokwenda kwenye daraja la daiodi sita, linaloufanya umeme uende upande mmoja kama betri inavyotaka. Katika pembetatu, mwisho wa A hufungwa na mwanzo wa B, mwisho wa B na mwanzo wa C, mwisho wa C na mwanzo wa A, na umeme huchukuliwa kwenye vifundo hivyo vitatu. Nyota hutoa volti mara 1.73 ya pembetatu kwa mizunguko ile ile. Pembetatu nayo inaweza kupitisha mkondo mara 1.73 ya ule wa nyota.

Shika mhimili kwa drili, uzungushe kwa kasi inayojulikana, na upime kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha fundi, ikiwa kwenye mkondo geu, yaani umeme unaogeuza mwelekeo huku na huku. Simu yenye kamera ya mwendo wa polepole inatosha kuhesabu mizunguko ukiweka alama ya chaki kwenye sahani. Tuseme kwa mizunguko 300 kila awamu inatoa volti 6. Ukifunga nyota, kati ya waya na waya upate volti 10.4, na zote tatu zilingane. Ukipata 10.4 sehemu moja na 6 sehemu mbili, awamu moja imegeuzwa. Badilisha mwanzo na mwisho wake. Ukipata awamu moja yenye volti 2 badala ya 6, basi ndani yake koili moja imegeuzwa na inazila nyingine mbili. Makosa haya hutokea hata kwa fundi mzoefu, na ni rahisi kuyasahihisha kabla ya kumwaga resini, ambayo ikishakauka hairudi nyuma.

Sasa tafsiri volti hizo kwa lugha ya betri. Daraja la daiodi hufuata kilele cha mkondo geu, ambacho ni mara 1.41 ya kipimo cha multimita, kisha daiodi mbili hula volti 1.4. Betri iliyotulia ikiwa na volti 12.7 inahitaji volti 10 za mkondo geu kati ya waya na waya ndipo ianze kupokea. Katika nyota utazifikia kwa mizunguko 288, yaani katika upepo wa mita 3 kwa sekunde. Katika pembetatu utazifikia kwa mizunguko 500, yaani katika upepo wa mita 5 na ushei. Jenereta ni ile ile na mabawa ni yale yale. Kilichobadilika ni vifundo vitatu tu vya waya.

Je, nyota ndiyo bora daima? Katika upepo mdogo, ndiyo. Lakini betri huishikilia jenereta karibu na volti zake, na jenereta yenye volti nyingi haiwezi kuongeza mizunguko sana bila kusukuma mkondo mkubwa. Upepo ukifika mita 8, mabawa yangependa kuzunguka mara 760 kwa dakika, na betri inayashika yabaki mbali chini ya hapo. Hewa inalipiga bawa kwa pembe kubwa kupita kiasi, haifuati tena mgongo wake, na nguvu inapotea wakati ambapo upepo ni mwingi. Ndiyo ile hali ya mabawa kuzunguka kwa uzito niliyoitaja mwanzoni, na wengi huyalaumu mabawa, wakayachonga upya bure. Dawa ni kupunguza idadi ya mizunguko ya waya katika kila koili na kutumia waya mnene zaidi, au kuongeza kidogo nafasi kati ya sahani za sumaku, ili mtambo uanze kuchaji karibu na mita 3.5 badala ya 3. Pembetatu pia huachilia mabawa, lakini koili zilizosukwa kwa mkono hazilingani kabisa, na tofauti hiyo huzungusha mkondo ndani ya pembetatu yenyewe na kupasha koili joto bila faida. Kwa hiyo mimi hujaribu zote mbili, na huishia kufunga nyota yenye koili za mizunguko michache.

Jaribu hivi. Simamisha mtambo kwenye bomba la mita mbili mahali pa wazi, pasipo watoto wala mifugo, na usisimame kamwe kwenye usawa wa duara la mabawa. Chukua betri, ampimita na daftari. Kwa kila aina ya upepo uliyoitambua kwa macho, andika mizunguko na ampea, kwanza kwa mabawa ya PVC na nyota, kisha PVC na pembetatu, kisha mbao na nyota, kisha mbao na pembetatu. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Usipokuwa na betri, globu ya gari ya wati 5 na nyingine ya wati 21 ni mizigo mizuri: ikiwa ile ya 5 inawaka na mabawa yanakwenda kasi, lakini ya 21 inayafanya yapunguze mwendo hadi karibu kusimama, jenereta inadai zaidi ya kinachotolewa na mabawa katika upepo huo.

Waya wa kuteremka na usalama

Tuseme mtambo unatoa ampea 10 katika upepo mkali, na betri iko mita 30 kutoka hapo. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 60. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule wa soketi za nyumba ambao kila mtu hununua, una ukinzani wa omu 0.41 kwa urefu huo. Utapoteza volti 4 na wati 41. Waya wa milimita mraba 10 utapoteza volti moja na wati 10. Ikiwa bei yake inakushinda, suka koili za kuchaji betri ya volti 24: mkondo unakuwa ampea 5, na waya ule ule wa 2.5 unapoteza wati 10 tu.

Weka fyuzi karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa kuwa betri ikiguswa ncha kwa ncha hutoa mkondo wa kuyeyusha spana. Weka betri mahali penye hewa; inapochaji hutoa haidrojeni. Usitumie kidhibiti cha sola cha kawaida, kwa maana betri ikijaa chenyewe hukata mzunguko, na mtambo ulioachwa bila mzigo huongeza kasi hadi kuvunjika. Kidhibiti cha upepo huhamishia umeme kwenye mzigo wa ziada betri inapofika volti 14.4, globu mbili za taa kubwa za gari, za wati 55 kila moja, zinatosha kwa mtambo huu. Usiunganishe chochote cha mtambo huu na nyaya za Kenya Power.

Chini ya nguzo weka swichi nzito inayofunga pamoja nyaya tatu za mkondo geu kabla ya daiodi. Ikifungwa, jenereta inakuwa breki na mabawa yanasimama au yanatambaa. Ifunge upepo ukiwa bado wa wastani, si dhoruba ikishafika. Magharibi mwa Kenya, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Kericho, radi ni nyingi mno. Nguzo iwe ya kulaza kwa bawaba, iwe na nyaya nne za kuivuta, na iunganishwe na fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini. Usiifunge kwenye paa la mabati, kwa kuwa mtetemo utang'oa misumari na upepo unaopita juu ya paa umevurugika. Urefu wa nguzo uzidi mara mbili ule wa nyumba na miti iliyo karibu.

Wiki moja baada ya kuisimamisha, ilaze tena, kaza kila bolti, pitisha kidole kwenye ukingo unaotangulia wa kila bawa ukitafuta ufa, na upime tena volti za awamu tatu kama zingali zinalingana. Baada ya hapo rudia ukaguzi huo kila baada ya miezi mitatu.